Chumba cha Pili cha Fungate

Albert Park, Durban
Jumapili, 16 Februari 2025

Mvua nyepesi tangu alfajiri, imekatika saa mbili. Sasa kuna jua la mvuke na nguo za jana hazijakauka.

Mpenzi Josphat,

Hii ndiyo barua ya kwanza, kama mama mchungaji alivyoagiza. Leo baada ya ibada nilimwuliza tena kama kweli alimaanisha majuma saba bila simu hata moja mpaka harusi. Akanijibu mbele ya watu: "Kwenye simu mtaongea mpaka mzeeke. Mwanamume asiyeweza kukuandikia ukurasa mmoja, wewe utamjuaje?" Wamama wakapiga makofi. Basi nimenunua karatasi. Nitaandika, nitapiga picha, nitakutumia, na wewe ufanye hivyohivyo. Hakuna kupiga, hakuna kurekodi sauti.

Utanisamehe kuanza na hali ya hewa. Ndivyo ninavyoandika daftari langu tangu kidato cha kwanza na mkono haujui njia nyingine.

Sasa fungate. Kwa kuwa kampuni imekupa likizo fupi na kazi ya kufunga sola huko Robertson itaendelea mpaka mwisho wa Aprili, naona heri mimi nije kwenye mizabibu kuliko wewe kuhangaika. Ile picha ya milima uliyonitumia nimeibandika kazini, juu ya rafu ya mapazia. Wenzangu wa stoo pale Pinetown wananitania kwamba Wapentekoste wanasafiri hadi nchi ya mvinyo kwenda kunywa Fanta. Nimewaambia kwamba zabibu ziliumbwa kabla ya mvinyo.

Wewe uko hapohapo Robertson, kwa hiyo kazi ya kutafuta mahali ni yako. Pasizidi R1,200 kwa usiku. Pawe kimya, pawe na dirisha linaloangalia mizabibu, na jiko dogo ili tusile hotelini. Na vyumba viwili. Hilo la mwisho usilisahau: vyumba viwili vya kulala.

Mama mdogo bado yuko Johannesburg kwa kaka Jeancy, anamwuguza mkewe aliyejifungua. Fleti iko kimya mno bila yeye. Jana nilipika chakula cha watu wawili nikala peke yangu siku nzima.

Wako,
Marie-Claire

Niliiacha barua wazi ili niongeze hili asubuhi: nililala saa nne na robo.


Yeoville, Johannesburg
20 Februari

Mwanangu Marie-Claire,

Mtoto iko salama na analia sawa mhubiri. Mke wa Jeancy ananyonyesha vizuri. Mimi ninamkanda tumbo na maji ya moto kila asubuhi, na mgongo unaolipa ni wangu.

Umemwambia kijana juu ya chumba changu? Usinijibu "bado". Anajua kwamba kwetu msichana haendi peke yake usiku ule? Mama mdogo analala nyumba ileile. Anaamka mbele ya jua, anachemsha maji, anagonga mlango, anauliza: umeamkaje? Siku tatu hivyo, kisha anakwenda zake. Ndivyo bibi yako alivyomfanyia dada yake, na ndivyo dada yake huyo alivyomfanyia mama yako. Mama yako hayupo. Nimebaki mimi.

Nimeshanunua koti kwa ajili ya baridi ya huko, la bluu, zito. Muuzaji akaniuliza kama ninaenda Ulaya. Nikamwambia hapana, ninaenda kwenye fungate. Akaniangalia kuanzia kichwani hadi viatuni. Nikamwacha aangalie, macho ni yake.

Au unaogopa kile kicheko cha Josphat? Mimi nilikuwa meza ileile siku ya harusi ya Prodige wa kanisani. Aliposikia kwamba shangazi amewasindikiza maharusi hadi hotelini, alicheka mpaka soda ikamtoka puani. "Sasa shangazi anakwenda kukagua nini? Mita ya stima?" Meza yote wakacheka. Na wewe ulicheka, binti yangu. Nilikuona.

Bon, basi. Mwambie.

Mama mdogo wako,
Deborah


Robertson
Jumapili, 23 Februari

Claire wangu,

Hali ya hewa: jua lilikuwepo, nilikuwa juu ya paa na limenichoma shingo. Hiyo ndiyo taarifa yote niliyo nayo.

Nimefanya kazi uliyonituma, na nimejifunza kwamba katika bonde hili neno "kimapenzi" linaongeza bei mara tatu. Kuna nyumba moja yenye bafu la nje na mishumaa pembeni, R3,400 kwa usiku. Kwa bei hiyo nilidhani wananiuzia na shamba lenyewe. Kuna nyingine ya bei yetu, juu ya gereji, kitanda kizuri, pazia ungelipenda. Ila chini yake mzee fulani anatengeneza trekta, na huanza saa kumi na moja alfajiri. Nilimwuliza kama Jumatatu anapumzika. Akaniambia Jumatatu ndiyo siku ya trekta kubwa.

Halafu kuna tannie mmoja. Huku kila mama mtu mzima anaitwa tannie, nami nimezoea. Huyu anaishi peke yake ukingoni mwa mizabibu na anapangisha vyumba viwili ndani ya nyumba yake mwenyewe, R900. Pasafi, pakimya. Kasoro ni kwamba kila chumba kina kitanda cha mtu mmoja, na juu ya kila kitanda kuna picha ya marehemu mumewe. Mzee anakutazama, Claire. Nilisogea kushoto, akanifuata. Nikasogea kulia, yupo.

Nyuma ya nyumba yake kuna kitu kingine ambacho sitakueleza, kwa sababu nataka kukushtukiza. Jioni nikitoka kazini huwa naenda kukitengeneza, naye amenipunguzia bei vizuri sana. Ila ni chumba kimoja.

Hapo ndipo ninapokwama. Chumba cha pili cha nini, mpenzi? Tuko wawili. Nimehesabu tena kwa vidole. Kama ni habari ya kukoroma, aliyekuambia ni Nigel, na Nigel ni mwongo tangu tukiwa tunaishi pamoja Berea.

Wako anayekungoja,
Josphat


Albert Park
Jumapili, 2 Machi

Joto kali, hakuna upepo. Lifti imekufa tena, nimepanda ngazi hadi ghorofa ya tisa na gauni begani.

Mpenzi Josphat,

Nimecheka peke yangu kwa ajili ya yule mzee wa pichani mpaka jirani akagonga ukuta.

Gauni limekuja. Fundi amelibana kiunoni kuliko tulivyokubaliana na sasa itabidi nisile wali. Mafundisho ya ndoa yanaendelea. Jumatano mama mchungaji alifundisha juu ya chumba cha kulala. Wenzangu waliuliza maswali ambayo siwezi kuyaandika hapa. Mimi nilikaa kimya tu.

Kuhusu chumba cha pili, naomba usinitanie. Ni lazima kiwepo. Sababu nitakueleza utakapofika Durban, si jambo la kuandika. Kiwe na mlango wake na ufunguo wake. Kisiwe mbali sana na kile kikubwa, lakini ukuta ukiwa mnene itakuwa vizuri zaidi. Hicho kitu chako cha chumba kimoja, hata kama ni kizuri namna gani, hakitufai. Nisamehe. Chukua kwa tannie.

Wako,
Marie-Claire

Nililala saa tano kamili.


Robertson
Jumapili, 9 Machi

Claire,

Nimeisoma barua yako nikiwa juu ya paa, nikashuka nikaisoma tena chini, labda nilikosea kwa sababu ya jua. Mlango wake, ufunguo wake, ukuta mnene. Na mama mchungaji alipofundisha habari za chumbani, wewe ulikaa kimya.

Mimi ni mtu wa utani, unanijua. Leo sina.

Nimekumbuka ile Jumapili tulipotembea ufukweni, nilipokushika kiuno ukaruka kama umeguswa na waya. Ulisema umeshtuka tu. Nimekumbuka kwamba hujawahi kunisimulia safari yenu ya kutoka Bukavu, na kila nikiuliza unaanza kupanga vyombo. Mimi sikuwahi kuyaunganisha mambo haya. Nilikuwa nacheka tu, nikidhani mtu ninayemchekesha hana linalomwuma.

Kama kuna mtu aliyekuumiza, hulazimiki kuniambia ni nani wala lini. Nataka ujue hili moja: hakuna kitu unachonidai kwa sababu ya pete. Nimemlipa tannie amana. Wewe utachukua chumba chenye ufunguo mzuri, nimeujaribu mwenyewe, unafunga. Mimi nitalala kile kingine. Nitalala huko mwezi, nitalala mwaka, na marehemu ataniangalia mpaka tuzoeane.

Na kama ni mimi ninayekutisha, yaani mimi Josphat, na wanawake wa kanisani wamekusukuma mpaka ukashindwa kurudi nyuma, sema sasa. Tutaahirisha. Nitamwambia mchungaji kwamba ni mimi sijawa tayari. Watanisema mimi, si wewe.

Ile kazi ya nyuma ya nyumba nimeiacha. Nimemwambia tannie atafute kibarua mwingine amalize, na ampe mgeni mwingine.

Nakungoja unijibu.
Josphat


Albert Park
Jumanne, 11 Machi

Mawingu mazito, mvua haijaamua.

Mama mdogo wangu,

Nimefanya kosa na linakua kila siku. Nakutumia picha ya barua ya Josphat, isome mwenyewe. Anadhani chumba chako ni chumba cha kumkimbia yeye. Anataka kuahirisha harusi, kwa ajili yangu, na lawama achukue yeye.

Ulisema nimwambie. Nilishika kalamu mara nyingi. Kila nikianza nakiona kile kicheko, soda inamtoka, na meza nzima inageuka kunitazama. Nikimwambia akacheka, mama mdogo, sijui nitamtazamaje tena. Nisipomwambia, atanioa kama anayemwoa mgonjwa.

Nimefikiri siku mbili. Kazini nimekosea hesabu ya mapazia, jambo ambalo halijawahi kutokea. Naomba nikuombe kitu, na unisamehe kabla hujamaliza kusoma. Usije. Baki kwa Jeancy, mtoto bado ni mdogo. Mimi nitamwandikia Josphat kwamba nimebadili mawazo, chumba kimoja kinatosha, na yote yataisha. Nitarudi na zabibu nyingi tutakula pamoja.

Mwanao,
Marie-Claire

Sijui nililala saa ngapi. Sikuangalia.


Yeoville
14 Machi

Mwanangu,

Nimekusamehe kabla sijamaliza kusoma, kama ulivyoomba. Kisha nimemaliza, na sasa ninajibu.

Barua ya huyo kijana nimeisoma nikiwa nimembeba mtoto. Mke wa Jeancy akaniuliza, mama, ni nani amekufa? Nikamwambia hakuna aliyekufa, iko mwanamume ameandika.

Sasa nisikilize. Kuna jambo sijakuambia miaka hii yote tukilala chumba kimoja. Nilipoolewa na baba Gustave tulikuwa Uvira na barabara ya Bukavu ilikuwa imefungwa kwa vita. Mama yako hakuweza kunifikia, bibi yako hakuweza. Nikaenda usiku ule peke yangu kwa mtu niliyemwona mara tatu. Asubuhi jicho langu la kushoto lilikuwa limefumba. Nilikaa kitandani nikasikiliza mlango. Hakuna aliyegonga. Kama mtu wa kwetu angegonga akaniuliza nimeamkaje, ningemwambia, na tungeondoka wote wawili kabla ya chai. Hakuna aliyeniuliza, nikanyamaza, na kunyamaza kule kulikula miaka tisa.

Watu wanadhani tunakwenda kukagua shuka. Shuka gani? Mimi nimefua shuka za watu maisha yangu yote, sina hamu nazo. Ninakwenda ili wewe ukiamka ujue kwamba ndani ya nyumba kuna mtu wa upande wako.

Lakini sitakuja kwa nguvu. Koti nimelirudisha kwenye sanduku. Kwa mtu anayeandika namna hii, labda hata hunihitaji. Ninachokuomba ni kimoja: usimwambie umebadili mawazo. Huo ni uongo, na ni uongo utakaomwacha akiamini kwamba anaogopwa. Mwambie ukweli, na umwonyeshe barua hii ukitaka. Jicho langu limeshapona, sina aibu nalo.

Akicheka, mwambie asubiri achekee mbele yangu.

Deborah


Albert Park
Jumapili, 16 Machi

Anga safi tangu asubuhi, upepo wa baharini. Sikuenda ibadani.

Josphat wangu,

Sikuogopi. Naandika hilo kwanza ili usiendelee kusoma ukiwa na maumivu.

Hakuna aliyeniumiza. Safari ya Bukavu nitakusimulia, ni ndefu na ina njaa nyingi, lakini si hilo unalofikiri. Ufukweni nilishtuka kwa sababu mama mmoja wa kanisani alikuwa anauza mahindi pale karibu na alikuwa ananitazama. Na siku ile ya mafundisho nilikaa kimya kwa sababu maswali yangu yote nilishaamua nitakuja kukuuliza wewe.

Chumba cha pili ni cha mama mdogo Deborah.

Kwetu ndivyo ilivyo. Anatusindikiza, analala nyumba hiyohiyo siku tatu za mwanzo, na asubuhi anagonga na kuniuliza nimeamkaje. Siku ya harusi ya Prodige wewe ulicheka habari za shangazi na mita ya stima. Mimi nilicheka kukuzidi, ili pale mezani wasijue kwamba hata kwetu tunafanya hivyo. Yeye alikuwa amekaa mbele yangu na akaniona. Tangu siku hiyo nimekuwa natafuta namna ya kukuambia, na nilipokosa namna nikakuandikia habari za ukuta mnene.

Yeye ameniruhusu nikuonyeshe barua yake, nimeiweka pamoja na hii. Mimi mwenyewe hayo ya jicho nimeyajua juzi. Nimeishi naye tangu nina miaka kumi na miwili na kila siku namwona akijipaka mafuta usoni, na sikuwahi kujua.

Jumanne nilimwambia asije. Leo nakuambia wewe kwamba namtaka aje. Kama hutaweza kuishi na jambo hili, niambie mapema, na lawama tutagawana. Kama utacheka, cheka leo nikiwa mbali.

Wako, ukinitaka bado,
Marie-Claire

Nililala saa nane za usiku.


Robertson
Ijumaa, 21 Machi

Claire,

Najua ni zamu ya Jumapili. Mama mchungaji atanisamehe.

Sikucheka. Nilisoma barua ya Mama Deborah chini ya mzabibu wa mwisho, mahali ambapo wenzangu wasingeniona, nikakaa pale mpaka msimamizi akaja kuniuliza kama nimeumwa na nge.

Ule utani wa mita nilikuwa nimeuona wa busara sana. Niliurudia kwa watu wengi. Kila niliyemwambia alicheka, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ameolewa barabara zikiwa zimefungwa.

Jana jioni nilikwenda kwa tannie. Nikamweleza kwamba mama mdogo wa mke wangu anakuja nasi kwenye fungate, nikajikaza nikingoja acheke. Akaniuliza tu: "Anakunywa chai au kahawa?" Nikasema sijui. Akasema niulize, kwa sababu anataka kununua mapema. Kwa hiyo niambie, chai au kahawa.

Sasa nikueleze kilichoko nyuma ya nyumba. Ni kibanda cha mawe walichokuwa wanakaushia zabibu zamani. Kuta ni nene kama ulivyotaka, ha! Mlango ni mmoja, chumba kimoja, kitanda kikubwa, na dirisha lililokaribia chini kabisa, ukilala mizabibu inakuwa sawa na macho yako. Nimekitia taa ndogo za sola kwenye boriti na jiko la sahani mbili. Kibarua wa kuchukua nafasi yangu hakupatikana, nimerudi kumalizia mwenyewe. R700 kwa usiku. Mama Deborah atalala ndani kwa tannie, umbali wa mtu kuita na kusikika. Ukimwita atasikia. Nimejaribu: nilisimama kitandani nikaita, na tannie akatoka na sufuria mkononi akidhani kuna nyoka.

Jambo moja zaidi, halafu nakuacha. Mama yangu alifariki nikiwa kidato cha pili, hilo unalijua. Siku ya harusi upande wangu kutakuwa na Nigel na watu wa kazini. Mwambie Mama Deborah, akishamaliza kukuuliza wewe, kama hatachoka, aniulize na mimi.

Wako,
Josphat


Robertson
Jumanne, 8 Aprili

Ukungu mzito juu ya mizabibu, baridi ya kuumiza vidole. Imefika saa tatu na jua bado halijatoka.

Mama mdogo wangu,

Natumai basi limeshapita Bloemfontein na kwamba umekaa dirishani. Josphat anaona umekimbia kwa ajili ya baridi. Tannie anasema hapana, jana ulimwomba lifti ya kwenda Worcester kabla hata ya kifungua kinywa, ukiwa umevaa koti na furaha. Anasema pia kwamba uliigeuza picha ya marehemu mumewe ikatazama ukutani, ukamwambia mwanamume asiyekuoa hana ruhusa ya kukutazama ukilala. Ameiacha hivyohivyo.

Ulikuwa ukae siku tatu. Umekaa usiku mmoja. Kwanza nilikasirika. Nilitoka na kanga, nywele zimesimama, kuja kukutafuta, nikakuta shuka zako zimekunjwa. Kisha nikakaa kwenye kitanda chako nikaelewa.

Hukujua kwamba nilikuwa macho, mama mdogo. Baada ya kucheza hadi alfajiri ya Jumapili na kupanda ndege na gauni kwenye mfuko, nilidhani nitalala mpaka mchana. Lakini nilisikia hatua zako kwenye kokoto, na ndoo ikigusa ngazi. Uligonga kidogo tu, kama unavyogonga ukitaka chumvi. Josphat akatoka. Mimi nikafumba macho, kwa sababu nilikuwa naona haya, nikabaki nasikiliza kupitia dirishani.

Nilisikia ukimwuliza yeye kwanza. "Umeamkaje, kijana?"

Nilijua anatafuta utani na haupati. Halafu akasema: "Mkono huu umekufa ganzi, mama. Alilala juu yake, sikutaka kuutoa."

"Usiku kucha?"

"Usiku kucha."

"Na wewe ukamwacha?"

"Angeamka."

Nikasikia ukikaa kwenye ngazi. Ulicheka, kile kicheko chako cha polepole ambacho sijakisikia tangu tuhamie Albert Park, kisha ukasema, "Lete huo mkono," na nikasikia ukiusugua kama unavyomsugua mtoto wa Jeancy, kuanzia begani kushuka. Yeye akawa anapiga kelele ndogondogo za ganzi, na wewe unamwambia, "Nyamaza, utamwamsha." Halafu mkakaa wote wawili pale ngazini. Sijui mlikuwa mnatazama nini. Nafikiri ukungu.

Mimi nilikuwa nimetayarisha jibu langu tangu Durban. Nililala pale nikingoja uingie uniulize. Hukuingia. Uliacha ndoo ukaenda zako.

Basi nakujibu hapa, kwa sababu ni haki yako na umesafiri mbali kwa ajili yake. Nimeamka vizuri, mama mdogo. Sikufanyiwa haraka. Nilipotaka kucheka tulicheka, na nilipotaka taa zizimwe alizizima, ingawa alizifunga mwenyewe na alikuwa anazionea fahari. Asubuhi maji yako yalikuwa bado ya moto. Niliyaoga yote, sikumbakizia hata kikombe.

Ukifika nyumbani lifti itakuwa imekufa. Usipande na sanduku, mwite kijana wa dukani chini akusaidie. Wali uko kwenye friji. Lala kitandani kwangu, godoro langu ni zuri kuliko lako, na kuanzia sasa ni lako.

Mwanao,
Marie-Claire

Nyongeza ya Jumatano asubuhi: nililala saa saba na nusu za usiku. Usiulize.